Kushushwa Kariakoo na Posta: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na abiria wa teksi

Ninauza vitambaa Kariakoo. Haipiti siku bila mteja kuingia dukani amenuna, jasho linamtiririka, na maneno ni yale yale: dereva kanishusha mbali, dereva kaniongezea pesa, dereva kagoma kuingia. Maswali haya nimeyajibu kwa mdomo hadi nimechoka, nikaona niyaandike. Yanahusu katikati ya Dar es Salaam tu, yaani Kariakoo, Mnazi Mmoja, Posta na Kivukoni. Huko kwingine mambo ni nafuu.

## Ya msingi

Nimelipia safari hadi mlangoni. Kwa nini dereva hanifikishi mlangoni?

Mara nyingi ni kwa sababu mlango huo hauna mahali gari linaporuhusiwa kusimama. Ramani ya simu inajua duka lilipo. Haijui kama mbele yake kuna meza ya viatu, mkokoteni na lori linaloshusha mabelo. Wewe unagusa kidole kwenye duka, bei inatoka, unaamini umeahidiwa mlango. Dereva naye anaona jina la mtaa tu, na anajua mtaa ule saa nne asubuhi haupitiki.

Halafu kuna faini. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inakataza kusimamisha gari mahali panapozuia au kuhatarisha wengine, na trafiki akimwandikia dereva kosa moja ni shilingi 30,000. Hiyo inameza safari kadhaa za mjini. Madereva wengi gari si lao, jioni wanapeleka hesabu kwa bosi, na bosi hataki kusikia habari ya trafiki. Sisemi dereva ana haki ya kukutupa popote, hilo nimelieleza kwenye sehemu ya ugomvi. Nasema jua anachokiogopa, maana ukikijua utaongea naye vizuri.

Kushusha na kuegesha ni kitu kimoja?

Hapana. Kushusha ni gari kusimama, dereva akiwa kwenye usukani, abiria akateremka na mzigo wake, gari likaondoka. Kuegesha ni gari kubaki. Ugomvi unaanza pale kushusha kunapogeuka kuegesha: abiria bado anatafuta chenji, anampigia simu mwenyeji wake, anakumbuka mwavuli uko kwenye buti. Dakika nne hizo zinatosha gari kuandikiwa ushuru wa maegesho au kufungwa mnyororo.

Kwa hiyo malizana na dereva kabla hamjafika. Foleni ya Barabara ya Bibi Titi inakupa muda wote unaohitaji kutuma pesa kwa simu au kuhesabu noti.

Ni wapi gari halisimami hata sekunde kumi?

Njia za mabasi ya mwendokasi, bila mjadala. Juu ya pundamilia. Kwenye makutano na kipilefti. Kituo cha daladala nacho si cha teksi, hata kama kinaonekana kitupu. Zaidi ya hapo kuna maeneo ya usalama, ambayo nimeyaeleza chini ya Posta.

## Kariakoo

Nimeweka lokesheni ya duka Mtaa wa Kongo, dereva kanishusha Mnazi Mmoja. Amenionea?

Inategemea saa na mzigo uliobeba. Mchana wa siku ya kazi, Mtaa wa Kongo ni soko lenyewe. Mwaka 2021 machinga walipangwa upya na barabara zikaonekana kwa muda, lakini anayekuja leo anajua hali ilivyo. Gari dogo likiingia pale linasukumwa na watu, linakwaruzwa na magurudumu ya mikokoteni, na kutoka ni kazi ya nusu saa. Kwa mtu mwenye mkoba tu, kushushwa upande wa Lumumba, pembeni ya Mnazi Mmoja, na kumalizia kwa miguu ni haraka kuliko kukaa ndani ya gari. Hapo hajakuonea.

Mwenye mzigo ni habari nyingine. Masika moja mama mmoja alikuwa ananiletea batiki, vipande thelathini alivyovitia rangi kwa mikono yake. Dereva alimshusha Msimbazi. Mvua inanyesha, gari za nyuma zinapiga honi, na yeye anauvuta mfuko kutoka kwenye buti kwa mkono mmoja huku mwingine umeshika mwavuli. Mfuko ukachanika chini. Alipofika dukani vipande vinne vya juu vilikuwa vikavu, vingine vina tope kwenye pindo, la kahawia, limeingia kwenye nyuzi. Alivitandaza kimoja kimoja kwenye meza yangu na kuvifuta kwa ncha ya kanga aliyojifunga. Hakulia wala hakulalamika, alikuwa anahesabu tu: hiki kinauzika, hiki hakiuziki.

Lilikosekana neno moja kabla ya safari, mama kusema "nina mzigo" na dereva kusema "basi nitapitia upande mwingine". Tangu siku hiyo kila anayeniletea mali namwomba anipigie akiwa bado njiani, nimtume kijana akampokee.

Basi nishukie wapi?

Anza na mtaa unaokwenda, usianze na jina la soko. Ukienda Aggrey, Uhuru au sehemu ya juu ya Kongo, upande wa Lumumba na Mnazi Mmoja unakufaa. Ukienda upande wa kituo cha mabasi, mwambie dereva Gerezani. Msimbazi inaonekana rahisi kwenye ramani kwa kuwa ni barabara kubwa, ila katikati yake pana njia za mwendokasi, na upande uliobaki kwa magari ya kawaida ukiziba kwa gari moja unaziba wote. Shukia Msimbazi kama una mkoba wa begani peke yake na miguu mepesi.

Dereva mzoefu wa Kariakoo anazijua pembe zake. Muulize: "Kaka, wewe huwa unashushia wapi watu wa Mtaa wa Aggrey?" Swali hilo moja limewaokoa wateja wangu wengi.

Kuna saa ambazo teksi inaingia hadi ndani?

Zipo. Kabla ya saa mbili asubuhi, meza hazijapangwa, gari linafika karibu kila mahali. Jumapili ni nafuu pia. Usiku mambo yamebadilika tangu biashara ya saa 24 izinduliwe Februari 2025, kwa hiyo usitegemee mitaa mitupu kama zamani.

Ijumaa mchana epuka mitaa inayozunguka Msikiti wa Mtoro kuanzia saa sita hadi swala iishe. Waumini ni wengi, na dereva akikwambia hawezi kupita, hawezi kweli.

Nikishushwa mbali, mzigo nimpe nani?

Kuli, mkokoteni au guta, kulingana na uzito. Patana bei kabla mzigo haujaguswa, kwa sauti, na utaje mtaa na duka. Kisha tembea nyuma ya mzigo, usitembee mbele yake. Wabebaji wengi ni watu waaminifu wanaofahamika na wenye maduka, lakini kwenye umati wa Kongo mzigo ukikupita hatua ishirini huuoni tena.

Kwa nini nisichukue bodaboda au bajaji tu?

Kwa Kariakoo watu wengi wanafanya hivyo. Kwa Posta, zuio la bodaboda na bajaji kuingia katikati ya mji limetangazwa zaidi ya mara moja na utekelezaji wake unakaza na kulegea. Siku ya kukaza unashushwa pembezoni na kutembea. Ukiwa na miadi ya saa maalumu, usiiweke rehani.

## Posta, Kivukoni na bandarini

Nimeandika "Posta", nimepelekwa siko. Kosa la nani?

Lenu wote wawili kidogo. Posta Mpya iko Azikiwe, Posta ya Zamani iko upande wa bahari. Kwa miguu si mbali, lakini kwa gari, pamoja na foleni na kuzunguka, unaweza kupoteza robo saa. Taja alama: Sanamu ya Askari, ile ya mwaka 1927, anaijua kila dereva. Kanisa la Mtakatifu Yosefu pia.

Naenda kupanda boti ya Zanzibar. Teksi inaweza kuingia getini?

Hesabu kwamba utashuka barabarani, Sokoine Drive, karibu na Kanisa la Mtakatifu Yosefu, na kumalizia kwa miguu. Hapo ndipo abiria wengi wanapoteza utulivu, kwa sababu kabla mlango wa gari haujafunguka vizuri mikono mitatu imeshashika begi. Mmoja anasema yeye ni wa boti, mwingine anasema tiketi zimeisha ila anazo, wa tatu hasemi kitu, anabeba tu. Kaa ndani ya gari kwanza. Hakikisha tiketi na kitambulisho viko mfukoni, mlipe dereva, kisha shuka na mwombe dereva mwenyewe akutolee begi kwenye buti akukabidhi mkononi. Kusema "asante kaka, nabeba mwenyewe" kunatosha, huna haja ya kugombana.

Jumapili asubuhi ongeza muda. Mtakatifu Yosefu na Azania Front ziko jirani, na ibada zikitoka barabara inajaa.

Stesheni je?

Dereva aelewe mapema kama unakwenda treni ya SGR, yaani ya reli mpya, au ile ya reli ya zamani. Ziko jirani lakini majengo ni mawili, na mtu mwenye mabegi matatu akishushwa jengo lisilo lake anaisikia barabara yote. Tangu SGR ianze kubeba abiria Juni 2024 gari za kushusha zimeongezeka sana pale, hasa kabla ya treni za asubuhi. Fika mapema, treni haisubiri foleni.

Kwa nini dereva anakataa kusimama karibu na Ikulu au Benki Kuu hata kama barabara ni nyeupe?

Kwa sababu za usalama. Kando ya Ikulu pale Magogoni na kuzunguka minara ya Benki Kuu, Mtaa wa Mirambo, gari linalosimama bila sababu linafuatwa na askari. Usimshinikize dereva. Shukia mtaa wa jirani.

## Pesa

Nimebadilisha pa kushukia dakika ya mwisho, bei ikapanda. Ni sawa?

Kama ulibadilisha kwenye programu ya simu uliyoitia teksi, safari inahesabiwa upya, na katikati ya mji mita mia tano za ramani zinaweza kuwa kilomita mbili za kuzunguka. Kama mlielewana kwa mdomo tu, dereva hana bei ya kukuonyesha, na hapo ndipo buku mbili za ziada zinapotokea. Badilisha kwenye simu uone bei mpya kabla ya kukubali. Teksi ya kijiweni, isiyo ya programu, bei ni ile mliyopatana mwanzo. Kwa hiyo taja mtaa mwanzo, usitaje "mjini".

Nikiteremka kabla ya kufika kwa sababu ya foleni, nalipa nusu?

Hapana. Dereva akimaliza safari pale uliposhuka, programu inatoa hesabu ya umbali na muda wa hapo. Foleni ikiwa ndefu punguzo linaweza kuwa dogo kuliko unavyotarajia, kwa kuwa dakika nazo zinahesabiwa. Shuka kwa kuokoa muda wako, usitegemee kuokoa pesa.

Ushuru wa maegesho anaulipa nani?

Sheria inalifuata gari. Mtoza ushuru anachukua namba ya gari, deni linakwenda kwenye namba hiyo, na mwenye gari ndiye anayedaiwa. Lakini kwa haki, kama ni wewe uliyesema "nisubiri hapa benki dakika tano" na dakika tano zikawa arobaini, lipa wewe. Ushuru pamoja na muda wa kusubiri, mpatane kabla hujafungua mlango. Kama dereva ameegesha kwa hiari yake akisubiri abiria mwingine, hilo halikuhusu.

Mbona madereva wengine wanafuta safari wakiona ni ya mjini?

Kwa sababu safari fupi ndani ya foleni haiwalipi. Tangu Uber ifungue njia Dar es Salaam mwaka 2016, mvutano wa kamisheni, yaani sehemu ya nauli ambayo kampuni inamkata dereva, haujawahi kwisha. LATRA, mamlaka inayodhibiti usafiri wa ardhini, iliweka kikomo cha asilimia 15 mwaka 2022, Uber ikasimamisha huduma Aprili ile, kikomo kikapandishwa hadi asilimia 25, na huduma ikarudi Januari 2023. Dereva anayekatwa kamisheni, ananunua mafuta na kupeleka hesabu anapiga mahesabu haraka akiona "Kariakoo, saa saba mchana". Namwelewa. Bado kukubali safari, kukuacha ukisubiri dakika kumi na kisha kuifuta ni kumdharau mtu, na inafaa kuripotiwa.

## Wagonjwa, wazee na wasioweza kutembea

Ninampeleka mgonjwa Ocean Road au Muhimbili. Lazima tushukie nje?

Usikubali kushushwa nje bila kuuliza. Dereva asimame getini, wewe au yeye aongee na mlinzi: "Afande, nina mgonjwa, hawezi kutembea." Ni sentensi fupi na mara nyingi inafungua geti. Nimewaona watu wakimshusha barabarani mzee anayechomwa dawa za saratani kwa sababu tu dereva aliona geti na kudhani ni la wafanyakazi. Mtu aliyetoka kuchomwa dawa hata mita hamsini za jua la Dar es Salaam zinamwangusha.

Wakati wa kumrudisha, usiite gari hadi mgonjwa awe tayari mlangoni. Gari likishaanza kusubiri, kila mmoja anaanza kuharakishwa, na mgonjwa haharakishwi.

Mama yangu anatumia kiti cha magurudumu. Nifanyeje Kariakoo?

Piga simu dukani kwanza. Wauzaji wengi tutakuletea bidhaa hadi kwenye gari, mama achague akiwa amekaa. Kama lazima aingie, njoo kabla ya saa mbili asubuhi, na mwandikie dereva ujumbe mara tu anapokubali safari: kuna kiti cha magurudumu, buti liwe tupu, tutahitaji dakika tano kushuka. Akisema hawezi, ni bora aseme akiwa bado hajafika kwenu.

Hapa nitasema langu waziwazi. Kariakoo na Posta ziko chini ya Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam, na katika mitaa yote hii mtu asiyeweza kutembea anastahili sehemu chache zilizochorwa za kushushia, zenye ukingo ulioshushwa, zisizowekwa meza. Leo tunategemea huruma ya trafiki na uvumilivu wa dereva wa nyuma. Trafiki wengi wana huruma hiyo, nimeiona. Mlemavu asilazimike kuiomba kila anapotaka kununua kitambaa.

## Ugomvi

Dereva kanishusha mahali nisipopataka, kaondoka. Nilalamike wapi?

Piga picha ya namba ya gari kabla halijaondoka, na ya mahali ulipo. Kama ni safari ya programu, ripoti ndani yake siku hiyo hiyo, kwa maneno machache: niliomba hapa, nimeshushwa hapa, saa fulani, nimelipa kiasi fulani. Usiposikilizwa, msimamizi wa teksi ni LATRA na inapokea malalamiko ya abiria. Ukiwa umetishwa, umepigwa au umeibiwa, hilo ni la polisi, namba 112.

Ila jiulize kwanza kama alikueleza sababu. Aliyesema "dada, yule pale trafiki, nikisimama ananiandikia" na akakushusha hatua thelathini mbele hajakutupa.

Trafiki katukamata nikiwa nashuka. Faini nilipe mimi?

Kosa ni la aliyeshika usukani. Lakini kama wewe ndiye uliyepiga kelele "simama hapa hapa" na yeye akasita, kumwacha peke yake na shilingi 30,000 si uungwana. Wengi huchangiana. Faini ilipwe kupitia namba ya malipo ya serikali iliyo kwenye karatasi ya faini, pesa isipite mkononi mwa mtu.

Nimesahau mfuko kwenye gari kwa haraka ya kushuka.

Safari ya programu ina rekodi, tumia sehemu ya vitu vilivyopotea au mpigie dereva mapema, kabla hajachukua abiria wa tatu. Teksi ya kijiweni, rudi kijiweni. Wenzake wanamjua, watampigia. Ukirudishiwa, mpe nauli ya kuja.

## Yasiyotokea kila siku

Barabara imefungwa kwa msafara. Safari inaendelea kuhesabiwa?

Kwenye programu, dakika zinaendelea. Misafara mingi hupita upesi. Ukiona askari wamesimama kila kona na hakuna dalili, maliza safari, lipa, tembea.

Mvua kubwa, Jangwani imejaa maji. Dereva anataka kuzunguka.

Mwache azunguke. Bonde la Jangwani likifurika Barabara ya Morogoro hufungwa hata kwa mwendokasi. Bei itapanda, kwa hiyo angalia ile mpya kama nilivyoeleza kwenye sehemu ya pesa, na kama safari si ya lazima ahirisha.

Nilifungua mlango, bodaboda ikaugonga. Nani mkosaji?

Swali hili linakuja kuliko unavyodhani, na chanzo chake ni kushuka kwa haraka upande wa barabara. Mfungua mlango ana wajibu wa kuangalia kwanza. Mwendesha bodaboda anayejipenyeza kati ya magari naye ana wajibu wake. Kama kuna majeraha, gari lisisogezwe hadi trafiki afike, isipokuwa ni kumwokoa mtu. Chukueni namba, pigeni picha, msipatane pesa juu ya mtu anayetoka damu, apelekwe hospitali kwanza.

Siku zote shuka kwa mlango wa kushoto, upande wa njia ya miguu. Kama umekaa kulia nyuma ya dereva, sogea kwenye kiti. Watoto wasifungue mlango wenyewe, na kabla ya kukanyaga chini geuza shingo utazame nyuma, maana bodaboda nyingine zinapita hata upande wa kushoto, juu ya njia ya miguu.